Futi ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Imeingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, wifi akaizuia kwa gunia. Daftari hili nimelinunua kwa sababu moja: kuna mtu ananiibia kitambaa, na siku nikimshika nataka niwe na tarehe mkononi.

Leo tumekata shuka za nyumba ya wageni. Jora jipya, mita hamsini, lebo inasema hivyo wazi. Shuka moja ni mita mbili na nusu. Hata mtoto wa darasa la tatu atakwambia zinatoka ishirini. Zimetoka kumi na tisa, na kipande cha mita moja na nusu kimebaki mezani kinanitazama. Nimekipima mara tatu. Wifi, ambaye ndiye mkataji wangu, akasema, "Labda wamepunja huko kiwandani." Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo, lakini mbona alijibu kabla sijamuuliza?

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Vifungo viwili vimepotea, kisha vikaonekana. Bado nashangaa vilikuwa wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Daftari likija kusomwa na mtu mwingine, basi ajue tunavyoishi. Duka hili la ushonaji aliliacha baba, miaka tisa sasa. Mbele kuna cherehani tatu na meza ya kukatia. Nyuma kuna vyumba viwili, kimoja changu na mama, kingine cha wifi, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu yuko mbali anajenga barabara, anarudi mara mbili kwa mwaka amekonda. Mama anashona vifungo na kulalamika. Wifi anakata. Mimi nashona na kuona kila kitu.

Ukutani, kwenye msumari, ipo futi ya baba, ile ya njano ya kitambaa, sentimita mia moja na hamsini, namba zake nyingine zimefutika lakini mimi nazijua kwa vidole. Kila jioni naitundika, na chini yake nafunga ule mkasi wake mkubwa wa chuma uliovunjika, ili futi inyooke, isijikunje. Ndiyo heshima ninayompa. Na dukani humu hakuna futi nyingine. Baba alikuwa akisema, futi mbili ni ugomvi. Wifi alikuja na yake alipoolewa, ya plastiki, nikamwambia akaifungie mizigo.

Upungufu huu si wa leo. Mwaka juzi majora yalikuwa yanapungua vilevile, nikamwondoa yule binti mshona vifungo, na mama akachukua kazi yake. Nilidhani nimemaliza. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu amekuja kusoma gazeti kwetu kwa sababu dirisha letu ni kubwa. Ni mstaafu, jirani yetu, na tangu astaafu amekosa wa kumfundisha, kwa hiyo anatufundisha sisi. Leo somo lilikuwa ukweli. Anasema ukweli hutegemea mtu amekaa upande gani.

"Daktari akimficha mgonjwa habari mbaya," akaniuliza, "amedanganya au amemhurumia?"

"Amedanganya."

"Na mgonjwa akipona kwa ile furaha?"

"Amepona akiwa amedanganywa. Kweli ni moja, Mwalimu. Haina upande."

"Na wewe ukimwambia mteja gauni limemkaa?"

Nikanyamaza, maana mteja alikuwa amesimama palepale mbele ya kioo. Wifi akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Sijapenda kicheko kile.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua siku nzima. Nimeandika vipande vyote vinavyobaki chini ya meza. Wifi ameniuliza naandika nini. Nikamwambia mambo ya mvua.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeamua kukata mzizi wa fitina. Nimekwenda mwenyewe kwa muuza vitambaa, nikachukua jora la buluu, nikamwambia alipime mbele yangu. Aliudhika, lakini akapima kwa ile mita yake ya mbao iliyopigiliwa kwenye kaunta. Moja, mbili, tatu, nami nikihesabu naye kwa sauti mpaka watu wakageuka. Hamsini kamili. Kwa hiyo muuza vitambaa si mwizi. Nimesikitika kidogo, kwa maana sura yake inafaa.

Jora nimelibeba begani mwenyewe. Paa la duka linavuja juu ya rafu, basi limelala chumbani kwa wifi, limefunikwa nailoni. Yeye mwenyewe alisema, "Lete kwangu, wifi, huku kukavu." Nimemwachia makusudi.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimemshika.

Nimeamka mapema, nikalitoa jora chumbani kwake kabla hajafunga kilemba, nikalitandaza mezani, nikachukua futi ya baba. Arobaini na tisa. Nikapima tena kutoka upande wa pili. Arobaini na tisa. Jana kwa macho yangu hamsini, leo arobaini na tisa, na katikati hakuna kitu ila usiku na chumba cha wifi.

Nikamwita. Dukani alikuwepo Mwalimu na gazeti lake, na muuguzi wa zahanati aliyekuja kuchukua sare, na mama na kopo lake la vifungo. Wangekuwepo kumi zaidi ningefurahi zaidi, ndivyo nilivyokuwa.

"Wifi, jora hili lilikuwa na mita ngapi jana?"

"Si ulisema hamsini?"

"Pima."

Akapima. Mkono wake haukutetemeka, na hilo pia nililiandika upande wake wa mabaya. Alipofika mwisho akarudi nyuma mita tatu, akapima tena, akanitazama.

"Pungufu moja," akasema. "Sielewi."

"Huelewi, na limelala kwako."

"Wifi, angalia vizuri unachotaka kusema."

Nilikuwa nimeshaangalia. Nikaingia chumbani kwake, nikainama chini ya kitanda, nikavuta kile nilichokijua kipo: tandiko la kitanda la viraka, buluu, nyeupe, kijani, vitambaa vyote vya duka hili vimo. Nikalitupa juu ya meza mbele yao.

"Mita zangu hizi hapa."

"Hivyo ni vipande vya sakafuni," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Wewe mwenyewe uliniambia nikavitupe. Nikaona ni uchoyo wa bure kutupa."

"Vipande vingi namna hii?"

"Vya miaka minne. Wifi, ningekuwa nakuibia mita nzima nzima miaka minne, chumba changu kingekosa hata pazia?"

Ni kweli dirisha lake halina pazia, ameweka gazeti. Nikamwambia mwizi mwerevu haweki pazia. Nilisema neno hilo, mwizi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Muuguzi akauvuta mkoba wake karibu, akaukumbatia. Nilimwona, na wifi alimwona.

Mwalimu akakohoa. "Pengine kuna namna nyingine ya kulitazama jambo hili."

"Namna ni moja, Mwalimu. Hamsini ni hamsini."

"Mwanangu," mama akasema bila kuinua kichwa, "heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Nikamwambia amalizie vifungo.

Wifi akaivua subana, kile kikofia cha kushonea, kidoleni, akaiweka mezani, akaweka na mkasi kando yake, taratibu, kama anayepanga meza ya wageni. Hakulia. Nilitaka alie.

Alhamisi, 20 Machi

Ameondoka na begi moja, kwenda kwa mama yake. Tandiko amelikunja akaliacha juu ya meza ya kukatia. Nimelipima.

Mlango wa nyuma umebaki wazi, kile chuma cha kijani alichokuwa akikitumia kuwa komeo amekiegemeza ukutani. Mvua imeingia mpaka kwenye kitanda chake.

Jumamosi, 22 Machi

Mdogo wangu amepiga simu.

"Dada, ulimwona kwa macho yako akikata?"

"Nimeona kwa futi."

Nikasikia magari yakipita kwake.

"Haya. Basi kaa na futi yako." Akakata.

Jumatano, 26 Machi

Mteja mmoja kaniambia nimefanya vizuri, wezi wa ndani ndio wabaya zaidi. Nilidhani ningefurahi. Mwalimu hajaja siku tano. Anasoma gazeti lake wapi, na kwa nini?

Jumatano, 2 Aprili

Zahanati imeagiza viambaza vya kutenganisha vitanda. Seremala anatengeneza fremu za mbao zenye magurudumu, mimi nashona vitambaa vya kuvutwa ndani ya fremu. Aliniandikia vipimo kwenye karatasi: urefu mia na themanini, upana mia na ishirini. Nimekata mwenyewe vyote kumi na viwili, sikumwamini mtu mwingine.

Leo kavileta dukani na fremu moja. Kitambaa kimelegea katikati kama shavu la mtu aliyeng'olewa meno.

"Fundi," akasema, "nilikuandikia mia na themanini."

"Na nimekata mia na themanini."

"Hii siyo." Akachomoa kiunoni ile futi yake ya chuma inayojikunja yenyewe, akaivuta juu ya kitambaa. "Mia themanini na tatu na nusu, na zaidi kidogo."

"Kwa kipimo chako."

"Mia na themanini haina mwenyewe, Fundi."

"Basi fremu yako ndiyo fupi. Mbao zimepanda bei, si ajabu mtu akazipunguza."

Seremala ni mtu mpole. Akaipuliza vumbi la mbao ile futi yake. "Lete yako tuzilaze pamoja," akasema. "Hapo hapo tutajua."

Nikamwambia duka hili halina futi mbili na halitakuwa nazo. Amevirudisha vitambaa vyote kumi na viwili. Baada ya kuondoka nimekumbuka kwamba mwezi uliopita alisimama mlangoni akizungumza na wifi kwa muda mrefu. Kuhusu nini?

Jumatatu, 7 Aprili

Jora jipya, jeupe. Muuza vitambaa amepima tena mbele yangu, safari hii bila kuambiwa, akinyanyua sauti kwenye kila namba ili kunikera. Hamsini. Nimelifungia kwenye sanduku langu chini ya kitanda changu, ufunguo nimeuvaa shingoni.

Jumanne, 8 Aprili

Arobaini na tisa.

Sanduku halijaguswa. Ufunguo ulikuwa shingoni. Chumbani tulilala wawili tu, mimi na mama.

Mama ana miaka sabini na minne. Mkasi mkubwa hauwezi, hata uzi namtungia mimi. Alipokwenda kuoga nimeinua godoro lake nikaangalia chini yake. Naandika jambo hili kwa sababu najijua, baada ya mwezi ningekataa kwamba nililifanya. Kulikuwa na kitambaa cha mkononi cha baba, kimekunjwa. Nimekirudisha kama kilivyokuwa, nadhani.

Jumatano, 9 Aprili

Nimenunua nusu jora, mita ishirini na tano, nimepima papo hapo nilipofika, hata viatu sijavua. Ishirini na nne na nusu.

Kwenye hamsini anachukua moja. Kwenye ishirini na tano anachukua nusu. Na leo ameichukua kati ya kaunta ya muuza vitambaa na mlango wangu, nikiwa nimelikumbatia jora kama mtoto. Mwizi gani huyu anayegawanya kwa haki namna hii? Sijala.

Jumamosi, 12 Aprili

Upepo ulianza mchana, mvua ikafuata, mlango wa nyuma ukawa unapigapiga. Nikaenda kuufunga. Chuma cha komeo kilikuwa kimekaa majini tangu wifi aondoke, rangi ya kijani imebanduka kama ganda la kidonda. Nilipokishika vidole vyangu vikahisi mikato. Nikakiinua kwenye mwanga. Mikato myembamba, imepangwa, kila mmoja mbali na mwenzake kwa nafasi ileile, kumi kutoka ncha hadi ncha.

Nikakipeleka kwa mama. "Chuma hiki kina alama za nini?"

Akakipapasa kwanza, kisha akacheka peke yake, kicheko cha zamani. "Hee, kilikuwa wapi siku zote? Hii ndiyo mita ya baba yako."

"Mita gani?"

"Mita yenyewe. Alichongewa na mhunzi, kabla wewe hujazaliwa. Kila mvua zikianza alikuwa ananunua futi mpya, anailaza juu ya chuma hiki, ikikaa sawa anaanza kazi. Ya zamani ikizidi anaitupa. Futi za kitambaa huchoka, alikuwa anasema, zinavutika kama masikio ya sungura."

Nikaenda kuitoa futi ukutani, nikafungua ule mkasi, nikaja nikailaza juu ya chuma, mwanzo kwa mwanzo. Mwisho wa chuma, pale ilipopaswa kusoma mia, futi ya baba ilisoma tisini na nane.

Nikailaza tena. Tisini na nane. Sentimita mbili kwa kila mita. Mita hamsini, mita moja. Mita ishirini na tano, nusu mita. Mwizi wangu mwenye haki.

"Na wewe umeining'inizia mkasi miaka tisa," mama akasema. "Hata mtu ukimning'inizia mkasi miaka tisa atarefuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mwaka ule wa kwanza, nunua futi nyingine. Ukanijibu futi mbili ni ugomvi."

"Si maneno ya baba?"

"Ya baba yako. Lakini yeye aliyasema akiwa na chuma mkononi."

Nimekaa sakafuni na maji yakipita chini yangu. Sasa naelewa kwa nini miaka yote hakuna mteja aliyelalamika. Mtu nampima kwa futi hii, namkatia kwa futi hii hii, kosa linakwenda na kurudi, nguo inamkaa. Humu ndani tulikuwa sawa daima. Ilikuwa mpaka kitu kitoke nje, jora la muuza vitambaa au fremu ya seremala, na kila kilichotoka nje nilikiita mwizi. Nikampata na mwizi mwenye sura na jina, aliyekuwa akiishika mita ya kweli kila siku akifunga nayo mlango, na hakuna kati yetu aliyejua.

Nimelia. Mama ameniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniambia nimtungie uzi.

Jumapili, 13 Aprili

Mwalimu amekuja, mama ndiye aliyemwita. Nimemweleza yote. Alisikiliza vizuri, gazeti limefungwa gotini.

"Usijichune ngozi," akasema. "Kwa futi uliyokuwa nayo ulipima sawasawa. Hukusema uongo hata mara moja. Kwa kipimo chako, ulikuwa na haki."

Naandika ukweli: maneno yale yalinipendeza. Mwezi mzima uliopita ningeyatupa nje pamoja naye, na jana jioni ningempa chochote anachotaka kwa ajili ya maneno hayo. Nilikunywa chai yangu nikayaonja. Kwa kipimo changu nilikuwa na haki. Yanakaa vizuri mdomoni. Ningeweza kuishi nayo, na wifi akaishi na kipimo chake huko kwa mama yake, na kila mtu akawa sawa kwake.

Lakini nikamkumbuka yule muuguzi alivyouvuta mkoba.

"Mwalimu," nikamwambia, "wifi hakufukuzwa kwa kipimo changu. Amefukuzwa tu. Nyumba aliyolala jana siyo yake, kwa kipimo changu wala kwa chako."

Akafikiri. "Hapo sina jibu," akasema. Nampenda kwa hilo. Ni mara ya kwanza.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda kwa mama yake wifi. Safari ya saa mbili, na matope. Nilibeba chuma kimefungwa gazeti, na futi ya baba mkobani, na nilikuwa nimepanga maneno njiani.

Nilimkuta barazani anakunja pindo za mapazia ya watu. Hakusimama. Mama yake alinipa kiti, akaingia ndani bila kunisalimia mara ya pili.

Nikalaza chuma sakafuni, nikalaza futi juu yake. Sikuhitaji kueleza mengi, yeye ni mkataji. Aliinama, akaona, akapitisha kidole kwenye ile tisini na nane. Kisha akakitazama chuma.

"Komeo langu," akasema.

"Ndiyo mita ya baba."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye pindo lake, akapiga sindano kama tano hivi.

"Nisamehe, wifi," nikasema. "Nilikuwa natafuta ukweli."

Hapo ndipo alipoinua macho. "Ulikuwa unatafuta ukweli, au ulikuwa unatafuta mwizi?"

Yale maneno yangu ya njiani hayakunisaidia hata moja. Nikamwambia, "Mwizi."

"Umesema mwenyewe." Akaukata uzi kwa meno. "Mwezi uliopita seremala alisimama mlangoni kuniambia vitambaa vya viti tulivyomshonea havikai kwenye fremu zake. Nikataka kukwambia tununue futi. Nikaogopa utasema nimekuja na langu. Wifi, mtu anayejua kila kitu anatisha kuishi naye."

"Rudi nyumbani."

"Uliniita mwizi wapi?"

"Dukani."

"Mbele ya nani, na kwa sauti gani?"

Hakungoja jibu. Akasema, "Ukishalisema hili mahali palepale, kwa sauti ileile, nitafikiria."

Jumatano, 16 Aprili

Nimelisema. Asubuhi, mlango wazi, mvua imekatika kidogo. Nimemwita muuguzi kutoka zahanati kwa kisingizio cha sare, na seremala, na muuza vitambaa ambaye alikuja kwa sababu alinusa aibu ya mtu. Mwalimu alikuwepo. Nililaza futi juu ya chuma mezani, wakapita mmoja mmoja kutazama kama watu wanaotazama maiti. Nikasema, "Wifi yangu hakuiba. Hakuwahi kuiba. Nilikosea mimi, na nilimwita mwizi." Sauti ilikatika kwenye neno la mwisho, nikalirudia mpaka likafika barabarani.

Seremala akasema, "Basi vile vitambaa kumi na viwili utavirekebisha." Nikamwambia naam, Fundi. Muuza vitambaa alifurahi siku nzima.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeshona viambaza upya. Vimebana vizuri kama ngoma.

Jumatatu, 28 Aprili

Wifi amerudi. Kaja na begi lilelile na futi ya plastiki shingoni, ileile niliyomwambia akafungie mizigo. Nikampokea begi. Chumba chake nilikuwa nimekianika, na dirishani nimeweka pazia. Aliligusa pindo, akasema mshono umepinda. Umepinda kweli.

Kisha akaja mezani. Chuma nimekipaka mafuta, kimelala ukingoni mwa meza. Akaivua futi yake, akailaza juu yake mbele yangu. Sawa. Akanyoosha mkono. "Na yako." Nikampa ile mpya niliyoinunua, naye akailaza. Sawa. Tukaanza kazi.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua zinapungua. Mdogo wangu amepiga simu, amezungumza na mkewe nusu saa, na mimi dakika moja. Inatosha kwa sasa.

Leo vifungo vitatu vimepotea. Nilifungua mdomo, mama na wifi wakageuka wote wawili kwa pamoja kunitazama. Nikaufunga. Vilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.

Jumatatu, 5 Mei

Tulikuwa tunakata, kumetulia, mama amesinzia na kopo la vifungo mapajani. Wifi akasema bila kuacha kukata, "Na yule mshona vifungo?"

Nimelifungua daftari hili kurasa za mwanzo. Tarehe sita Machi. Nimemwandika kwa mstari mmoja. Majora yalikuwa yanapungua vilevile, nikamwondoa.

Ijumaa, 9 Mei

Jua la kwanza. Nimekwenda kwa muuza vifungo wa sokoni, kwa sababu ndiko binti yule alikokuwa akitumwa. Anamkumbuka. Anasema baada ya kutoka kwangu aliomba kazi kwa mafundi wanne. Wa nne alimpokea, kisha akasikia kwa nini nilimwondoa, akamwambia kila jioni akung'ute kanga yake mlangoni kabla ya kutoka. Alivumilia wiki tatu, akahama mji.

"Anaishi mbali siku hizi," muuza vifungo akasema. "Ulikuwa unamtaka wa nini? Kuna kitu kingine kimepotea?"

Nikamwambia hapana. Nikamwomba kalamu, na hapa chini ameniandikia njia ya kufika kwa binti yule.